Mama yuleyule, majibu mawili

Kwenye mtaa wetu hapa Ilemela, Mwanza, si rahisi kumkuta mtoto wa mwaka mmoja ambaye hajachomwa sindano ya surua. Siku ya kliniki akina mama wanadamka mapema, wanawaogesha watoto, wanajifunga vitenge visafi, kadi wanaiweka kwenye mfuko wa plastiki isilowe, na saa mbili asubuhi benchi limejaa. Hakuna mgambo anayewasukuma. Mvua ikinyesha wanakuja, nauli ikikosekana wanatembea. Sasa mchukue mama huyohuyo, umpelekee barua miaka kumi au kumi na miwili baadaye, kwamba binti yake atachanjwa shuleni chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Asubuhi yake yuko mlangoni kwangu. Ananisalimia vizuri, ananiulizia watoto, halafu anasema, "Mwalimu, nakuomba, huyu wangu asiguswe."

Ninafundisha shule ya msingi, na mambo ya afya ya wanafunzi yako mikononi mwangu: dawa za minyoo na kichocho, kupima macho, chanjo. Majibu haya mawili ya mama mmoja yananishughulisha sana, kwa sababu hayakubaliani na maelezo tunayopewa kwenye semina. Kwenye semina tunaambiwa wazazi hawana elimu. Mama aliyempeleka mtoto alipozaliwa akapata BCG, ile ya kukinga kifua kikuu, na matone ya polio, akarudi wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, akarudi tena miezi tisa na miezi kumi na minane, huyo unamwambiaje hana elimu ya chanjo? Ratiba anaijua kuliko mimi. Anajua mtoto atashinda analia, anajua paja litavimba kidogo, anajua kovu la begani ndilo alama kwamba BCG imekubali. Kitu anachokosa kwenye barua yangu si maelezo ya kitabuni.

Itazame kliniki yenyewe. Mtoto anavishwa ile kaptura ya kitambaa, ananing'inizwa kwenye mzani, analia, nesi anasoma uzito na kuweka nukta kwenye kadi. Nukta ikiwa imepanda, mama anatabasamu. Ikiwa imeshuka, anaulizwa mtoto anakula nini. Nesi anamjua. Pengine ndiye aliyemzalisha. Mtoto akichemka usiku, mama anajua kesho atampata wapi na atamwita nani. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza mwaka 1975, kwa hiyo bibi wa huyu mtoto naye alikwenda kliniki, na mama mkwe ndiye anayemkumbusha mkwewe tarehe. Chanjo ya mtoto mchanga imeshakuwa sehemu ya kulea. Kwa miaka mingi zaidi ya watoto wanane kati ya kumi nchini wamekuwa wakimaliza zile dozi tatu za mwanzo, na kwa nchi yenye vijiji vya mbali kama vyetu hilo ni jambo kubwa mno, hatulisemi vya kutosha.

Chanjo ya HPV, hii ya saratani ya mlango wa kizazi, inakuja kwa njia nyingine kabisa. Inakuja shuleni, mtoto akiwa amevaa sare, mzazi yuko sokoni. Wanaoileta wameshuka kwenye gari ambalo mama hajawahi kuliona. Haimhusu mtoto mchanga. Inamhusu msichana anayeanza kuota matiti. Na jina lake lina neno kizazi ndani yake. Kwetu Usukumani, ambako binti anaolewa kwa ng'ombe na ukoo mzima unasubiri wajukuu, kulitaja neno hilo pamoja na sindano kwenye barua ya mistari minne iliyopigwa muhuri ni kumwachia mzazi aimalizie barua mwenyewe. Naye anaimalizia, kwa yale aliyoyasikia saluni na yale yaliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp la kikoba.

Kabla sijaendelea niseme kwa nini jambo hili linaniuma. Shangazi yangu alikufa kwa saratani hii. Alianza kutokwa na damu miaka mingi baada ya kukoma hedhi, akaona aibu kusema, akapewa dawa za mizizi, akanyamaza. Alipofikishwa hospitali ya Bugando, ugonjwa ulikuwa umeshafika mbali. Miezi ya mwisho alikuwa chumba cha nyuma nyumbani kwa baba yangu, na alikuwa akituomba tuchome ubani kabla wageni hawajaingia, kwa sababu alijua harufu inawafanya wakae karibu na mlango. Alikuwa mwanamke msafi mno. Ile aibu ilimtesa kuliko maumivu, na maumivu yalikuwa makali.

Si yeye peke yake. Tanzania, saratani ya mlango wa kizazi inawapata zaidi ya wanawake 10,000 kila mwaka, na zaidi ya 6,000 wanakufa. Hakuna saratani nyingine inayoua wanawake wetu wengi hivyo. Karibu yote inatokana na kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, HPV, na aina mbili tu za kirusi hicho, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takribani asilimia 70. Mwili wa wanawake wengi unakishinda kirusi wenyewe. Kwa wachache kinabaki, na kinafanya kazi polepole, miaka 15 mpaka 20, na kwa mwanamke anayeishi na VVU bila matibabu huweza kuchukua miaka 5 mpaka 10 tu. Chanjo inazuia kirusi kisiingie, kikishaingia haikitoi. Ndiyo maana inatolewa kwa watoto wa miaka 9 mpaka 14. Na hapo ndipo mzazi anaposhtuka: kumbe mnataka kusema binti yangu ameshaanza? La hasha. Ni kwa sababu hajaanza.

Tanzania ilianza kwa majaribio mkoani Kilimanjaro mwaka 2014, ikaingia nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Ya kwanza watoto walipata, ya pili wengi wakapotea njiani. Aprili 2024 ikabadilishwa: dozi moja, umri wa miaka 9 hadi 14. Nitarudi kwenye hiyo dozi moja, maana ina habari yake na habari hiyo ni ya hapa Mwanza.

Wazazi wanaokuja kwangu wana maswali mazuri. Nasema mazuri kwa moyo wangu wote. Baba mmoja fundi wa mitumbwi aliniuliza, "Dawa ya presha ya mama yangu nanunua. Mke wangu alipofanyiwa operesheni nilikopa. Hii ya bei kubwa mnanipa bure, kwa nini?" Mtu anayeuliza hivyo anatumia akili, maana katika maisha yake yote hospitali haijawahi kumpa kitu kikubwa bila kumdai. Jibu lipo: serikali inachangia, na sehemu kubwa inalipwa na Gavi, chombo kilichoanzishwa mwaka 2000 kuzisaidia nchi zenye kipato kidogo kupata chanjo, kwa hesabu kwamba kumkinga mtoto ni nafuu kuliko kumtibu mtu mzima. Hata ile penta, chanjo moja ya magonjwa matano, aliyochomwa mwanawe paja la kushoto imelipiwa kwa njia hiyohiyo. Nilipomwambia hivyo alinyamaza kidogo, akasema, "Hilo hamkuandika kwenye barua." Kweli, halikuandikwa.

Swali jingine: kwa nini wasichana tu? Mama mwenye genge la nyanya pale njia panda ndiye aliyeniuliza kwa ukali kuliko wote. Kama ni ugonjwa wa kuambukizana, mwanamume naye anao, mbona hachomwi? Ana haki. Australia inawachanja wavulana tangu mwaka 2013, Uingereza ikafuata mwaka 2019. Kwetu dozi hazitoshi, kwa hiyo anatangulizwa yule ambaye saratani inamuua zaidi, na mlango wa kizazi anao msichana. Nilimweleza hivyo, na nikamwambia kwamba siku dozi zikitosha mimi wa kwanza nitapenda wavulana wangu wapange foleni. Aliitikia kwa kichwa. Hakubadilisha msimamo siku ile.

Hofu ya kufungwa kizazi ndiyo kubwa, na nimechoka kuisikia ikichekwa. Wakenya wanakumbuka mwaka 2014, wakati wa kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake wa umri wa kuzaa, maaskofu wa Kanisa Katoliki waliposema hadharani kwamba chanjo ile imetiwa homoni ya kuzuia mimba. Serikali na Shirika la Afya Duniani walikanusha, lakini maneno yalikwisha vuka mpaka. Hapa kwetu niliyasikia kwa watu ambao Kenya hawajafika. Nami siamini kwamba chanjo ile ilikuwa na kasoro hiyo. Chanjo ya pepopunda wajawazito wetu wamechomwa kwa miongo mingi, kizazi baada ya kizazi, na sensa ya mwaka 1967 iliyotuhesabu milioni 12 ilifuatwa na ya 2022 iliyotuhesabu 61,741,120. Kama kuna aliyekusudia kutufunga kizazi kwa sindano hiyo, nchi nzima ni ushahidi kwamba haikufanyika. Hesabu hiyo huwa naiandika ubaoni kwenye kikao cha wazazi, na inafanya kazi kuliko bango lolote.

Lakini Kenya hiyohiyo, Desemba 2022, Mahakama Kuu iliamua kwamba wanawake waliokuwa wakiishi na VVU walifungwa kizazi bila ridhaa yao halali, ikaamuru walipwe fidia. Hilo si uzushi, ni hukumu. Kano, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 1996 kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa mpya kwa watoto wagonjwa wa uti wa mgongo, na ugomvi kuhusu ridhaa ya wazazi ukafika mahakamani. Miaka saba baadaye viongozi wa Kano walipoisimamisha chanjo ya polio, watu wengi waliona ni busara. Polio ikasambaa kutoka huko mpaka nchi kiasi cha ishirini, ikafika hata Yemen na Indonesia, na watoto wakapooza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo si nyoka, hilo ni kweli, lakini kidonda cha mguuni nacho ni cha kweli, na ukianza kwa kumcheka anayeshtuka hatakusikiliza ukimwonyesha kwamba ni ung'ongo.

Hata sisi walimu tuna kidonda chetu. Mwaka 2008 Morogoro, watoto walipewa shuleni dawa za kichocho, zile ambazo mtu anapaswa kuzimeza akiwa ameshiba. Wengine walikuwa na njaa. Wakatapika, wakaumwa matumbo, wakazirai, na mjini ukavuma uvumi kwamba kuna watoto wamekufa. Wazazi walivamia shule kwa hasira. Walimu wenzangu wa rika langu wanalijua tukio hilo vizuri. Kwa wengi ndiyo sababu wanaogopa kugawa dawa zozote. Dawa yenyewe ilikuwa nzuri na bado ni nzuri, mimi naigawa kila mwaka. Kilichokosekana kilikuwa chakula tumboni na mtu wa kuwaeleza wazazi mapema kwamba kichefuchefu kitakuwepo.

Tuje mwaka 2021, maana hakuna anayeweza kuzungumzia chanjo Tanzania akaruka mwaka huo. Januari, Rais John Magufuli akiwa Chato alisema chanjo hazifai, na kwamba kama Wazungu wangekuwa na uwezo huo wangekwisha leta chanjo ya UKIMWI, ya kifua kikuu, ya saratani. Februari, Wizara ya Afya ikatangaza haina mpango wa kupokea chanjo za UVIKO-19. Machi akafariki. Julai 24 zikapokelewa dozi zaidi ya milioni moja za chanjo ya Janssen, na Julai 28 Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa Ikulu mbele ya kamera. Siku zilezile Askofu Josephat Gwajima, akiwa mbunge wa chama tawala, alikuwa akiwaambia waumini wake wasichanjwe.

Jiweke mahali pa mzazi wa shule yangu. Ndani ya nusu mwaka dola ileile imemwambia hapana, halafu ndiyo. Nani aliyemweleza kilichobadilika? Wale waliomsikia kiongozi akisema kifua kikuu hakina chanjo, wengi wao walikuwa na kovu la BCG begani, na hakuna mtaalamu aliyesimama wakati ule kuwaambia waangalie mabega yao. Nawalaumu wataalamu wetu kwa ukimya ule, na sitaacha kuwalaumu, kwa sababu bei yake inalipwa na watoto wa kike ambao hawakuhusika na korona hata kidogo. Baada ya mwaka huo kila sindano iliyofika shuleni iliitwa ya korona. Niliwahi kukuta darasa la saba nusu tupu kwa sababu gari la maji lilikuwa limeegeshwa getini na mtu amesema ni la chanjo.

Hata hivyo, mwaka uliofuata ulinifundisha jambo ambalo wanaopima mitazamo ya watu huwa hawalitilii maanani. Mwanzoni mwa 2022 Watanzania waliokamilisha chanjo ya UVIKO-19 walikuwa chini ya asilimia 10. Kufikia katikati ya 2023 walikuwa wamevuka nusu ya watu wote. Je, watu walibadilisha imani zao? Wengine ndiyo. Lakini mtaani kwangu nilichokiona ni kwamba mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mama anayeuza maandazi na kusali nasi, alipita nyumba kwa nyumba na mjumbe. Alikaa. Alikunywa chai. Aliulizwa maswali ya kijinga na ya maana, akajibu, mengine akasema hajui ataenda kumuuliza daktari, na kesho yake akarudi na jibu. Jirani yangu alichanjwa huku bado anasema hawaamini Wazungu. Alimwamini mama maandazi.

Na kuna wale ambao hawakukataa wala hawakukubali. Huku ziwani, kiza cha mwezi kinapofika, dagaa wanavuliwa, na familia nzima zinahamia mwaloni, kule mitumbwi inakotua, na visiwani kuanika. Mabinti wa miaka kumi na tatu wanakuwa kwenye vichanja vya dagaa wakati orodha yangu inasomwa. Wengine walishaacha shule. Kwenye ripoti wanaingia safu moja na waliokataa: "hawakuchanjwa". Kisha mtu wa mbali anasoma anasema watu wa Kanda ya Ziwa wana mtazamo hasi. Mabinti hao hakuna aliyewauliza mtazamo wao. Na ndio walio hatarini kuliko wote, maana maisha ya mwaloni yanawaanzisha mapema.

Nirudi kwenye siku yenyewe ya chanjo, kwa sababu nina hakika kabisa kwamba mambo mengi yanaharibika siku hiyo. Wasichana mia wamepangwa juani. Hawajanywa kitu tangu jana jioni. Wa mbele anachomwa mbele ya wote, analia; wa pili anatetemeka; wa tano anaanguka. Dakika kumi baadaye wameanguka wengine, na simu za walimu zimeanza kuita. Mzazi anayefika getini anakuta watoto wamelala chini, na hapo umwambie nini?

Sisi watu wa ziwa hatupaswi kulishangaa hili. Januari 1962, shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, wasichana walianza kucheka wakashindwa kuacha. 95 kati ya 159 walipatwa, na Machi shule ikafungwa. Hakukuwa na sindano wala sumu. Hofu na msongo vinaweza kumwangusha mtu kweli, akaumwa kweli, na vikahama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Mwaka 2014 huko El Carmen de Bolívar, Colombia, mamia ya wasichana walizirai na kupata ganzi baada ya chanjo ya HPV. Uchunguzi haukuikuta chanjo na hatia, lakini video zilishasambaa, na nchi iliyokuwa ikichanja zaidi ya asilimia 80 ya wasichana wake ikashuka miaka miwili baadaye chini ya 15. Japani, nchi tajiri yenye wasomi kila kona, iliacha kuhimiza chanjo hii Juni 2013 baada ya habari za magazeti, ikaanguka kutoka takribani asilimia 70 mpaka chini ya 1, na ilichukua mpaka 2022 kuirudisha. Ninawatajia hao kila anayeniambia kwamba tatizo ni ushamba wa wazazi wetu.

Kwa hiyo siku ya chanjo shuleni kwangu watoto wanakunywa uji kwanza. Wapishi wanajua, kuni zimetengwa tangu jana. Wanakaa darasani kwenye madawati, wanaingia ofisini mmoja mmoja, pazia limefungwa, na anayetoka anatokea mlango mwingine aende kukaa chini ya mwembe robo saa na mwalimu wa kike, wanaimba. Nesi anamwonyesha kila mtoto bomba likiwa jipya ndani ya karatasi yake. Anamwambia mkono utauma mpaka kesho, anaweza kupata homa kidogo, asiogope. Mtoto akishaambiwa maumivu yatakuja, yakija hayamshangazi, na nyumbani atamwambia mama yake vilevile. Tangu tufanye hivi, kuanguka kumepungua sana.

Sasa ile habari ya dozi moja. Kati ya 2017 na 2018, hapa Mwanza, wasichana 930 wa miaka 9 mpaka 14 waliingia kwenye utafiti ulioitwa DoRIS, kwa ridhaa ya wazazi wao na yao wenyewe. Swali lilikuwa: dozi moja inaweza kujenga kinga ya kutosha, au lazima mbili na tatu? Damu yao ilionyesha kwamba kwa dozi moja karibu wote walikuwa na kinga dhidi ya aina ya 16 na ya 18, na kinga hiyo ilidumu. Kenya nao walifanya wa kwao, kwa wanawake vijana 2,275, na dozi moja ikawakinga vizuri sana. Aprili 2022 wataalamu wanaolishauri Shirika la Afya Duniani walikubali dozi moja, na Desemba likawa pendekezo rasmi. Leo nchi nyingi duniani, tajiri na maskini, zinachanja wasichana wao dozi moja, na sehemu ya ushahidi ilitoka kwenye mikono ya mabinti waliokuwa wakipanda daladala hizihizi za kwetu.

Nilipolieleza hili kikaoni nilijivuna kabisa. Bibi mmoja alisimama nyuma, akaegemea mwamvuli wake, akasema, "Kwa hiyo ni kweli walitufanyia majaribio."

Ukumbi ukanyamaza, na nikaona watu wakinitazama nitakimbilia wapi. Nikamjibu: ndiyo, bibi, ulikuwa utafiti. Chanjo yenyewe haikuwa ngeni. Iliruhusiwa tangu 2006 na mamilioni ya mabinti wa Ulaya, Marekani na Australia walikuwa wameshachomwa dozi tatu tatu. Kilichopimwa Mwanza ni kama moja inatosha, kwa sababu nchi kama yetu haina fedha wala magari ya kuwarudia watoto mara ya pili. Wazazi walielezwa wakasaini, na mtoto aliyekataa hakuguswa. Kama tusingepima sisi wenyewe, tungekuwa tunategemea damu ya watoto wengine kutuambia kinachofaa kwa watoto wetu, wenye malaria zetu na minyoo yetu. Yule bibi alifikiri. Akauliza, "Hao mabinti wako wapi sasa?" Wengine wameshakuwa akina mama, nikamjibu, wale wa miaka tisa ndio wasichana wa leo. Akaketi. Mjukuu wake alichanjwa wiki ile, na mimi sidhani ni takwimu zilizomshawishi. Aliuliza kama anavyouliza bibi, akajibiwa bila kufichwa.

Hofu ya sindano haimwachi hata anayefanya kazi hospitali. Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya asili alikuwa Ali Maow Maalin, kijana mpishi wa hospitali ya Merca, kwenye pwani ya Somalia, Oktoba 1977. Kazini kwake chanjo ilikuwepo. Aliikwepa, na baadaye alieleza wazi kwamba aliona inauma. Alipona. Miaka mingi baadaye akawa mhamasishaji wa chanjo ya polio, akipita kwa akina mama na kuwaeleza yaliyompata, na mwaka 2013 alifariki kwa malaria akiwa kwenye kazi hiyohiyo. Naambiwa wizara inatafuta mbinu mpya za mawasiliano. Mimi ningemtafuta kila mwanamke aliyepona saratani hii akiwa tayari kusema, nikamlipia nauli, nikamkalisha mbele ya wazazi.

Barua yetu ya mwaka huu tumeiandika upya na nesi wa zahanati. Imekuwa ndefu, ukurasa mzima. Inaanza kwa jina lake na namba yake ya simu, na inasema atakuwepo zahanati siku tatu zinazofuata kwa mtoto yeyote atakayejisikia vibaya. Inasema chanjo inakinga nini na haikingi nini, kwamba mkono utauma, nani analipia, kwa nini wasichana, kwa nini umri huu, na kwamba mzazi akitaka kuja kusimama karibu na mwanawe wakati anachomwa anakaribishwa. Mama wa genge la nyanya ameichukua nakala yake akasema ataisoma na mumewe, maana nyumbani neno la mwisho ni la mume, na mumewe yuko ziwani. Binti yao ana miaka kumi na tatu, muda bado upo. Nimeomba kikao kisogezwe mpaka mbalamwezi, wavuvi wakiwa nchi kavu, na mjumbe amekubali tukifanyie mwaloni badala ya shuleni, jioni, baada ya nyavu kushonwa.